Kamera za Usalama kwa Jengo Dogo, kwa Bajeti Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamelenga jengo la aina moja, lile lililojaa Dar es Salaam kuanzia Mbagala hadi Sinza: fremu tatu nne za biashara chini, vyumba vya kupanga juu, ngazi moja, geti moja, na mwenye nyumba ambaye mara nyingi analala mtaa mwingine. Ukiwa na jengo kama hilo Mwanza au Mombasa, karibu yote yatakufaa.

Kamera ngapi zinatosha?

Nne. Wakati mwingine tatu. Nane ni nyingi kwa jengo hili, na ukizikuta nane uliza vizuri. Mara nyingi ni kwa sababu seti ya nane ilikuwa na punguzo.

Pita mwenyewe kila njia ambayo mtu hana budi kuipita akiingia au akitoka. Hapa kwetu ni geti, mdomo wa ngazi na mlango wa uani. Hizo ndizo sehemu za kamera za kunasa sura, na kamera ya sura inakaa chini: mita mbili na robo hadi mbili na nusu kutoka sakafuni, ikimtazama mtu usoni anapokuja. Ya nne ndiyo ipande juu, itazame mbele ya fremu zote kwa upana, ili ujue bodaboda ilisimama wapi na mtu alikimbilia upande gani. Kama pampu ya maji na mita za LUKU ziko nyuma, ile ya uani itaziona.

Kinachofanyika majengo mengi ni kinyume: kamera zote nne zinapandishwa kwenye kona za paa, kwa hoja kwamba mwizi asizifikie. Kweli, hazifikii. Siku ya tukio mnakaa watano mbele ya skrini, mnarudisha nyuma, na mnachokiona ni kofia. Kofia nyeusi inaingia getini, kofia hiyohiyo inatoka na televisheni begani. Mlinzi anasema anamfahamu kwa mwendo. Kama hofu ni kamera ya chini kung'olewa, itengenezewe kasha la chuma kwa fundi wa kuchomelea, na waya wake uingie ukutani moja kwa moja bila kuning'inia.

Ndani ya fremu ni kwa mpangaji. Mwachie aweke yake akitaka.

Naambiwa nichukue megapikseli nane. Ninazihitaji kweli?

Kwa getini pengine hapana, na hesabu yake ni fupi. Kiwango cha Ulaya cha mifumo ya kamera za usalama, EN 62676-4, kinataka pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana ili uweze kumtambua mtu usiyemjua. Kumtambua mtu unayemfahamu zinatosha 125. Kujua tu kwamba kuna mtu, 25.

Kamera ya megapikseli mbili ina pikseli 1920 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata mita 7.7. Eneo likiwa pana kuliko hapo, sura ya mgeni haisomeki vizuri hata muuzaji aseme nini.

Sasa weka lenzi. Kamera nyingi zinazouzwa kwenye seti zina lenzi ya milimita 2.8, inayofungua nyuzi 100 hivi. Kwa upana huo, mita 7.7 zinafika ukiwa hatua chache tu, mita tatu kutoka kwenye kamera. Kwa hiyo mdomoni mwa ngazi, pale mtu anapopita karibu, 2.8 ni sahihi kabisa. Getini, ambako kamera ipo ukutani na mtu yuko mita saba mbele, chukua lenzi ya milimita 6. Megapikseli mbili na lenzi ya 6 hapo inaishinda megapikseli nane yenye lenzi ya 2.8, na inakula nafasi ndogo zaidi kwenye diski. Lenzi ndicho kitu cha kwanza cha kumuuliza muuzaji, na ndicho watu wengi hawakiulizi kabisa.

Ile ya juu inayotazama fremu zote, hapo megapikseli nne au tano zina maana.

Jambo jingine la mlangoni: jua letu. Mtu akisimama mlangoni mchana, nje kunawaka na ndani ni giza, uso wake unakuwa mweusi tii. Tafuta kamera iliyoandikwa WDR 120 dB, yaani yenye uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na giza. Ikiandikwa DWDR, hiyo inachezea mwanga kwa programu tu, na tofauti utaiona siku ya kwanza.

DVR, NVR au zile za Wi-Fi?

DVR na NVR ni mashine za kurekodi picha za kamera. DVR inatumia kamera za analogi za HD na waya wa RG59. Ndiyo nafuu kuliko zote kwa ubora huohuo wa picha, na kama jengo lina waya za zamani ambazo bado nzima, huhitaji kuzing'oa. NVR inatumia kamera za IP kwa waya wa Cat5e au Cat6, ambao hupeleka umeme na picha kwa pamoja kwa mfumo wa PoE, hadi mita 100. Ukijenga upya, ukuta bado uko wazi, nenda na hii. Waya mmoja kwa kila kamera, hakuna adapta za umeme zilizotapakaa juu ya dari.

Kwa jengo lililokwisha kujengwa na mfuko mwembamba, jibu langu ni DVR ya njia nne, yaani inayopokea kamera nne. Mashine nyingi za sasa za aina hiyo, zinazoitwa XVR, zinapokea pia kamera ya IP moja au mbili za nyongeza, hivyo hujifungii mlango.

Za Wi-Fi ni nzuri kwa fremu moja au sebule. Kwa jengo zima zinachosha. Zege la ghorofa linakula mawimbi, kila kamera inataka plagi yake, na ile inayorekodi kwenye memori kadi, mwizi akiibeba kamera amebeba na ushahidi.

Waya za bei rahisi zina shida gani?

Nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Upinzani wake kwa umeme ni mkubwa kuliko wa shaba tupu, na unakatika ukikunjwa mara chache. Kabla hujalipa, omba kipande, kwangua waya wa ndani kwa wembe. Ukibaki na rangi ya shaba hadi ndani, sawa. Ukiona weupe wa fedha, mrudishie bunda lake. Muuzaji akikataa kukwanguliwa waya, umeshapata jibu.

Dalili ya waya mbaya ni hii, na watu wengi huilaumu kamera: mchana picha ni safi, ikifika jioni kamera inazimika na kuwaka, inazimika na kuwaka. Usiku taa za infraredi, zile za mwanga usioonekana kwa macho, huwaka na kamera inavuta umeme zaidi. Volti 12 zilizotoka kwenye adapta zinapungua njiani, zinafika 10 na kitu, na kamera inashindwa kusimama. Unaweza kubadilisha kamera mbili tatu na tatizo likabaki palepale.

Kwa walio karibu na bahari, Kigamboni, Tanga, Unguja, Mombasa: ile namba ya IP67, ya kuzuia vumbi na maji, ni ya mwili wa kamera. Maungio ya nyuma hayamo. Chumvi inayala. Kila ungio liingie kwenye boksi lake dogo la plastiki, likae kavu. Boksi hilo ni kitu cha bei ndogo kabisa kwenye orodha nzima, na ndilo mafundi hupenda kuliruka.

Diski ya ukubwa gani itanitunzia mwezi?

Kila megabiti moja kwa sekunde, ikirekodiwa usiku na mchana, ni gigabaiti 10.8 kwa siku. Kamera ya megapikseli mbili ikitumia mfumo wa kubana video wa H.265 kwa megabiti 2 inakula karibu gigabaiti 22. Kamera nne ni 86. Diski ya terabaiti 1 itakupa siku 11, ya terabaiti 2 siku 23. Mashine ikiwa bado kwenye H.264 kwa megabiti 4, gawa siku hizo kwa mbili. Hivyo ingia kwenye mipangilio uhakikishe.

Kurekodi pale tu kitu kinapojongea kunarefusha siku, lakini mvua, majani na wadudu navyo vinajongea. Mashine zinazotofautisha mtu na gari zinafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Hata hivyo, kamera ya geti ningeiacha irekodi saa zote.

Nunua diski iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk, maana hii haipumziki. Na angalia kuwa ni mpya. Sokoni zipo diski zilizotolewa kwenye mashine kuukuu zikabandikwa karatasi mpya. Kuna programu ya bure ya kompyuta, CrystalDiskInfo, inayosoma saa ambazo diski imewahi kuwashwa. DVR nyingi nazo huonyesha namba hiyo kwenye menyu ya S.M.A.R.T. Diski mpya haina saa 19,000.

Usiku picha yangu ni ukungu mweupe. Kamera imekufa?

Panda ngazi ukaitazame. Mara nyingi ni utando wa buibui umepita mbele ya kioo. Taa za infraredi zinaumulika, nao unang'aa kama taulo. Futa kwa kitambaa kikavu, rudia kila mwezi. Kama si buibui, tazama kama kuna ukuta mweupe, bomba au ukingo wa dari karibu sana na lenzi. Huo nao hurudisha mwanga.

Kamera za rangi usiku zinatumia mwanga mweupe wa kawaida. Picha ni nzuri, unaona shati ni jekundu. Lakini mwanga huo huita wadudu, na mpangaji wa chumba cha mbele atakuja kulalamika kwamba taa inampiga dirishani. Taa ya kawaida ya nje, ile ya LED ya wati chache pale getini, mara nyingi inasaidia zaidi kuliko kubadilisha kamera.

Namba za magari na pikipiki usiku: usitarajie. Taa ya mbele ya gari hupofusha kamera ya kawaida.

Umeme ukikatika?

Wezi wanajua mgao kuliko sisi. Habari njema ni kwamba mfumo huu haulaji umeme mwingi: kamera nne na DVR yenye diski moja ni wati 40 hivi zote kwa pamoja. UPS (kifaa chenye betri ya akiba) ndogo ya VA 650, ikiwa na betri mpya, inaweza kuubeba kama saa moja. Ukitaka usiku mzima, tafuta betri kubwa na inveta, au betri ya sola kama tayari unayo juu ya paa. Hakikisha ruta nayo iko kwenye betri hiyohiyo, la sivyo mfumo utarekodi lakini simu yako haitaona kitu.

UPS ina faida ya pili ambayo pengine ni kubwa kuliko ya kwanza: umeme ukirudi kwa kishindo, inapokea yenyewe kabla ya DVR.

Nitakula bando kiasi gani nikitazama kwenye simu?

Kurekodi hakuli bando hata kidogo. Picha zinabaki kwenye diski jengoni. Bando linaliwa pale unapotazama ukiwa mbali. Kila mashine hutoa picha mbili: kubwa na ndogo. Ndogo ya kilobiti 512 kwa sekunde ni megabaiti 230 hivi kwa saa, kwa kamera moja. Kubwa ya megabiti 2 ni megabaiti 900. Weka programu ya simu ianze na ndogo, na usiache skrini ikiwa wazi huku unakula.

Kwa ruta ya laini ya simu, njia ya zamani ya kufungua mlango kwenye ruta mara nyingi haifanyi kazi, kwa sababu mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Tumia programu ya kampuni iliyotengeneza mashine: unachanganua msimbo wa QR, basi.

Chapa gani?

Sokoni Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, utakutana zaidi na Hikvision na Dahua, zote za Hangzhou, China, pamoja na wadogo zao: HiLook na EZVIZ upande wa Hikvision, Imou upande wa Dahua. Zipo pia Uniview na TP-Link. Kwa jengo dogo yoyote kati ya hizi itafanya kazi. Ninachokwepa ni kasha lisilo na jina ambalo programu yake ya simu ikifutwa dukani, kamera nzima imekwisha.

Watu huuliza kuhusu Marekani. Ni kweli, Novemba 2022 tume yao ya mawasiliano, FCC, ilizuia vifaa vipya vya Hikvision na Dahua kupewa idhini, kwa hoja ya usalama wa taifa. Kwa mwenye fremu nne Tandika hatari ya karibu zaidi ni nyingine, nayo ni nywila. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na DVR nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Na Septemba 2021 Hikvision ilitoa marekebisho ya tundu lililomruhusu mtu wa mbali kuiamuru kamera bila nywila yoyote. Badilisha nywila, sasisha mashine, na usinunue modeli kuukuu isiyopata masasisho tena kwa sababu tu bei yake inavutia.

Nimpate vipi fundi, na nilipe nini?

Usiulize "seti ya nne shilingi ngapi". Bei za vifaa hivi hutembea na dola, na seti huficha vitu. Omba karatasi yenye mchanganuo: modeli kamili ya kila kamera pamoja na lenzi yake, modeli ya DVR, chapa na ukubwa wa diski, aina ya waya na mita zake, adapta, maboksi, UPS, ufundi. Peleka karatasi hiyohiyo kwa mafundi wawili wengine. Utashangaa mahali bei zinapopishana. Huwa ni kwenye waya na diski.

Bajeti ikibana, punguza kamera moja. Usipunguze waya wala diski. Kamera unaweza kuongeza mwakani kwa nusu saa ya kazi, waya uliozikwa ukutani huurudii bila kuvunja plasta.

Chukua risiti ya EFD yenye modeli na namba za vifaa, ndiyo itakayokusaidia kwenye waranti. Kisha kuna jambo la akaunti. Mafundi wengi huunganisha mashine kwa simu yao wenyewe "ili nikusaidie haraka", halafu wanakushirikisha wewe kama mgeni. Akihama, akibadili namba, au mkigombana, mashine imefungwa kwenye akaunti yake na wewe huwezi kuifungua kirahisi. Akaunti iwe ya simu yako tangu dakika ya kwanza, fundi akiwa amesimama hapo. Nywila kuu iandikwe kwenye karatasi, iwekwe pamoja na hati za nyumba.

DVR ikae wapi?

Isikae chini ya kaunta ya duka, maana huko ndiko inakotafutwa kwanza. Ikae juu, chumba kinachofungwa, ndani ya kabati la chuma lenye matundu ya hewa, kwa sababu joto la Februari likiongezwa na joto lake mwenyewe linaua diski.

Wapangaji wangu wanalalamika. Wana haki?

Mara nyingi, ndiyo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu na makazi yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu pia picha za watu wanaotambulika. Inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ndiko wakusanyaji wa taarifa wanakosajiliwa, hivyo ulizia pale wajibu wako. Kenya wana sheria yao ya 2019.

Kwa vitendo: geti, ngazi, uani na mbele ya fremu, sawa. Mlango wa choo na bafu la pamoja, dirisha la chumba, ndani ya chumba: hapana, hata mpangaji akiwa na kodi ya miezi mitatu nyuma. Kamera ikilazimika kugusa dirisha la jirani, DVR ina uwezo wa kuziba sehemu hiyo kwa kiboksi cheusi. Zima sauti. Bandika tangazo getini kwa Kiswahili: kuna kamera, ni za usalama, msimamizi ni fulani, simu yake hii. Na kijana wako asiwarushe wapangaji kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu wamechekesha.

Wizi umetokea. Nifanye nini na picha?

Haraka, kwa sababu diski ikijaa hufuta za zamani. Chomeka flashi kwenye DVR, toa faili halisi la saa nzima kabla na baada ya tukio, pamoja na kichezeshi chake, yaani programu ya kuchezea video hiyo, kama mashine inacho. Video iliyorekodiwa kwa simu kutoka kwenye skrini inafaa kumtumia mjumbe, haifai zaidi ya hapo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime ushahidi wa namna hii kwa jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na uzima wake. Kwa hiyo andika nani alitoa faili, saa ngapi, na flashi imekaa kwa nani. Ukifika kituoni kuchukua RB, nenda na nakala, halisi ibaki kwako.

Hakikisha saa ya mashine. DVR iliyobaki kwenye muda wa kiwandani China itasema wizi ulitokea saa tano baada ya muda wake halisi, na wakili wa mshtakiwa hatakosa kuliona hilo. Weka GMT+3 na iruhusu ijirekebishe kwa intaneti. Katika maelezo yako andika namna zote mbili, saa nane usiku na 02:00, ili anayesoma karatasi na anayetazama skrini wasipishane.

Kamera za sola zenye laini ya simu zinafaa?

Kwa kiwanja kinachojengwa, pasipo na LUKU, zinafaa sana. Kwa jengo lenye umeme, sizipendekezi kuwa mfumo mkuu: ili kutunza betri zinalala, zinaamka mtu akishajongea, na sekunde za kwanza, zile za uso wake akija, zinapotea.

Na zile za bandia zenye kitaa chekundu?

Kijana wa mtaani anazijua. Kamera halisi haiwaki kitaa chekundu kinachopepesa mchana kutwa.

Mfumo ukishafungwa, naukagua vipi?

Mara moja kwa mwezi. Usitazame picha ya moja kwa moja tu, hiyo huonekana hata diski ikiwa imekufa. Fungua rekodi ya wiki iliyopita, saa tisa usiku, kamera moja baada ya nyingine. Ikicheza zote nne, funga simu ukalale.